Hongo, Ushuru na Msamaha: Jinsi Wafanya Biashara Walivyovutwa Ujiji na Kigoma

Mtu atokaye Kigoma kwenda Ujiji hupanda kilima, akapita Mwanga, kisha akateremka tena kuelekea ziwani. Mwendo ni wa maili chache tu, na mwenye miguu mizuri huumaliza kabla ya jua kuwa kali. Katika kipande hicho kifupi cha pwani ya Ziwa Tanganyika, kwa muda wa zaidi ya miaka mia na themanini, kila mwenye mamlaka, awe Mwami, Liwali, Bwana Shauri au diwani, alikabiliwa na swali lile lile: mgeni mwenye mali avutwe kwa kitu gani, na akiisha kufika afungwe kwa kitu gani asiondoke? Siku hizi jambo hili huitwa vivutio vya uwekezaji, nalo hudhaniwa kuwa elimu mpya iliyotoka ng'ambo. Walakini katika Ujiji lilikuwa elimu ya zamani, na habari zake zimeandikwa. Katika habari hizo yaonekana kwamba aliyepewa nafuu mara nyingi hakuwa yeye aliyeilipia, na kwamba nafuu iliyoufanya mji mmoja usitawi iliweza kuudhoofisha mji wa jirani yake.

Kabla ya kufika wageni, pwani hii ilikuwa na biashara yake yenyewe. Chumvi ya Uvinza, dagaa, mawese na majembe vilibadilishwa kutoka kijiji hata kijiji, na mitumbwi ilivuka ziwa. Waarabu wa kwanza walifika Ujiji yapata mwaka 1840, miaka kumi hivi baada ya kuingia Unyamwezi. Hivyo ndivyo alivyoandika Richard Burton, Mwingereza aliyefika huko pamoja na mwenzake John Speke mwezi wa Februari 1858. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1860 Burton hakuwasifu Wajiji, na lugha yake juu yao ni ya dharau tupu. Lakini alikuwa mtu wa kuhesabu, na hesabu alizoziandika zina faida kubwa kuliko maoni yake.

Mwami wa Ujiji wakati huo alikuwa Rusimba, aliyekaa milimani mbali na maji. Yasemekana kwamba miiko ya ufalme ilimkataza Mwami kuliangalia ziwa. Chini yake walikuwapo watwale, kila mmoja na kijiji chake: Kannena alitawala Kawele, na Lurinda alitawala Gungu. Msafara ulipofika, Mwami hakutuma watu wa kudai. Alituma ndugu zake wapeleke pembe moja au mbili za ndovu, ndiyo zawadi, na mgeni mwenye akili alifahamu kwamba zawadi ile yataka jibu. Jibu lilipendwa liwe la ushanga na vitindi, nalo lilipimwa kwa kadiri ya mali ya mgeni: tajiri alitoa zaidi, mnyonge alitoa kidogo. Jambo hilo lilipokwisha, mtwale naye alituma zawadi yake na kungoja malipo. Tena mtwale alikuwa na haki ya ada kwa kila mtumbwi uliokodiwa. Kwa kila pembe iliyonunuliwa alitaka nguo moja au mbili. Na kwa kila mtumwa aliyeuzwa kilemba chake kilikaribia nusu ya bei. Haifai kulipita neno hili la mwisho kwa haraka, maana sehemu ya utajiri uliowavuta wafanya biashara katika pwani hii ilikuwa ni watu, nao watu hao ndio waliolipa kuliko wote, wala hawakuulizwa.

Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba huu ulikuwa unyang'anyi tu, kama Burton mwenyewe alivyodhani. Lakini ukitazama vizuri, desturi ile ilikuwa na mpango. Mwenye nchi alitangulia kutoa, na kwa kutoa alijifunga kumlinda mgeni. Ada ya mtumbwi ilikwenda kwa yule aliyeweza kuwapata wapiga makasia, na bila ya yeye mgeni alibaki ufukoni akiyatazama maji. Kipimo kilifuata uwezo wa mtu. Ubaya wake ulikuwa katika wingi wa mikono, kwa maana baada ya Mwami na ndugu zake na mtwale, hata mtumishi aliyetumwa kununua chakula aliweza kunyakuliwa shanga chache njiani.

Tena nchi ililitegemea pato hilo. Burton alifanya kosa moja kubwa alipofika: alimwambia Kannena kwamba yeye si mfanya biashara, hakuja kununua pembe wala watumwa. Pengine alifikiri kwamba kwa maneno hayo atajionyesha kuwa mtu bora. Kannena alisikia neno tofauti kabisa, yaani kwamba mgeni huyu atakula, atakaa, atatumia ulinzi wa nchi, wala hatatoa ada hata moja. Akachukizwa, akamtaka aondoke katika nchi yake. Baadaye Burton alipotaka mitumbwi ya kwenda Uvira, kaskazini ya ziwa, alilipa kwa Kannena bei kubwa mno. Kannena hakuwa na daftari wala karani, lakini alijua vizuri tofauti kati ya mgeni alipaye ushuru na mgeni aupitaye.

Hata hivyo biashara haikukaa. Burton aliandika kwamba misafara ilikuja Ujiji wakati wa kiangazi tu, kati ya Mei na Septemba, ikanunua, ikapakia, ikarudi upesi Unyanyembe. Hali ya hewa ilionekana mbaya, ziwa lilizamisha vyombo, na watu waliogopwa. Yaani Ujiji iliweza kumvuta mfanya biashara, ila haikuweza kumweka.

Mfano wa hasara iletwayo na ushuru mwingi haukutokea Ujiji penyewe, ulitokea njiani. Mwaka 1871 Henry Stanley, akimtafuta Livingstone, alipita Buha. Mkuu mmoja aitwaye Mionvu alimtoza hongo ya kiasi cha doti 75 za nguo. Kesho yake mkuu mwingine akataka yake. Na Stanley alipouliza habari za mbele, akaambiwa kwamba wako wengine wakingoja, kila mmoja katika mpaka wake. Basi alimkodi mtu aliyejua njia za porini, akautoa msafara wake usiku, kimya kimya, na wale wakuu waliosalia hawakupata hata upande mmoja. Kila mmoja wa wakuu hao alidai kiasi ambacho peke yake pengine kingevumilika. Vilipojumlishwa, mgeni aliiacha njia. Jambo hili halmashauri nyingi za Tanzania zilikuja kulijifunza upya zaidi ya karne moja baadaye.

Livingstone alikuwa amefika Ujiji mara ya kwanza mwezi wa Machi 1869. Katika miaka iliyofuata mji ulibadilika. Waarabu na watu wa Mrima walijenga nyumba za tembe, na watu kutoka ng'ambo ya ziwa, walioitwa Wamanyema, wakaongezeka hata wakawa sehemu kubwa ya wakazi. Verney Lovett Cameron, aliyefika Februari 1874, alilikuta soko lenye utaratibu unaostahili kuelezwa, maana ndani yake mna jibu la swali letu kuliko katika hongo zote.

Fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vifupi vya mrija wa kiko. Mgeni aliyekuja na merikani, kaniki au shanga za namna nyingine hakuweza kununua samaki wala unga kwa vitu hivyo moja kwa moja. Asubuhi, soko lilipoanza, walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi, nao waliwabadilishia wanunuzi. Jioni, soko lilipokwisha, watu wale wale walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa vitu vingine, wakapata faida mara mbili kwa siku moja. Mwanamke aliyeleta mawese kutoka kijijini, mvuvi wa dagaa, mwuza chumvi kutoka Uvinza na mpagazi mwenye nguo ya posho waliweza kuuziana bila ya ugomvi. Faida ya wavunja fedha ilibaki mjini. Hapana hongo iliyowahi kufanya kazi hiyo. Mfanya biashara alikaa mahali ambapo aliweza kununua chakula cha watu mia kwa asubuhi moja kwa bei inayojulikana.

Aliyeufahamu mji kuliko wote wakati huo alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Stanley aliporudi mwaka 1876 alimkuta akitajwa kuwa liwali wa Ujiji, mwenye mali, bunduki na vyombo ziwani. Nguvu yake haikutoka kwa bunduki peke yake, kwani alioa katika nyumba ya wenye nchi. Kwa ndoa hiyo ada za Mwami na haja za wageni zilikutana katika ukumbi mmoja, na mfanya biashara mgeni akajua mlango wa kubisha. Baadaye alipokea bendera ya Seyyid Barghash wa Unguja, na mpaka kufa kwake mwaka 1885 alitumikia mabwana wawili, Mwami wa milimani na Sultani wa pwani, akiwaridhisha wote wawili kwa kiasi.

Lakini Mwinyi Kheri na wenziwe walikuwa na hofu moja, nayo ilikuwa Kigoma. Wamisionari wa London Missionary Society walipofika Agosti 1878, Edward Hore, aliyekuwa baharia, aliitazama ghuba ya Kigoma akaona mara moja kwamba ndiyo bandari. Maji yake ni marefu, milima yaikinga na upepo, ilhali pwani ya Ujiji ni wazi na ya maji mafupi. Wamisionari wakataka kujenga huko. Waarabu wa Ujiji wakawazuia. Walipewa nyumba Ujiji kwenyewe, mahali ambapo waliweza kuangaliwa. Ni dhahiri kwamba mgeni mwenye mali, akikaa Kigoma peke yake, angevuta wengine, na soko la sofi lingebaki bila watu. Wenye Ujiji waliweza kuuchelewesha mwaka huo. Kuuzuia moja kwa moja hawakuweza, wala ziwa lenyewe halikuwasaidia: katika miaka hiyo maji yalivunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa magharibi, na kati ya 1878 na 1894 ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma, na vyombo vikalazimika kutia nanga mbali na nyumba.

Habari za Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeshika nguvu Ujiji baada ya Mwinyi Kheri, na za vita vya Kongo vya 1892 hadi 1894, zimeelezwa mara nyingi na wengine. Yatosha kusema kwamba vita hivyo vilikata njia ya pembe iliyotoka Manyema. Wajerumani walipoweka boma Ujiji mwaka 1896, waliukuta mji mkubwa ambao biashara yake ya zamani ilikuwa inakauka.

Utawala wa Kijerumani ulileta kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, na rupia ikaingia mahali pa shanga. Desturi ya zawadi kwa zawadi ilikwisha: serikali haikutanguliza pembe kwa mtu. Hata hivyo serikali hiyo nayo ilitaka wafanya biashara, na iliwataka kwa namna ya ukubwa ambao Rusimba asingeuwaza. Macho yake yalikuwa Kongo, hasa Katanga yenye shaba. Fikira ilikuwa kwamba mali ya mashariki ya Kongo ivuke ziwa, ipande gari la moshi, iteremke Dar es Salaam. Wenye mitaji wa Ujerumani walisita kutia fedha zao katika reli ya nchi wasiyoijua. Ndipo dola ikawadhamini faida ya mtaji wao. Hiki ndicho kivutio kikubwa cha kwanza kilichoandikwa kwa wino kuhusu njia hii: msafirishaji akipata hasara, mlipa kodi wa Ujerumani atamfidia.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwezi wa Februari 1914 ikafika ziwani, mwendo wa kilometa 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Haikufika Ujiji. Wahandisi waliona lile lile aliloliona Hore, wakapeleka reli kwenye ghuba ya Kigoma. Meli *Goetzen*, iliyoundwa Papenburg na kuletwa katika masanduku 5,000 hivi, iliunganishwa hapo hapo Kigoma na kuingizwa majini Februari 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la *Liemba*.

Kwa watu wa Ujiji reli hiyo haikuwa neema. Maduka makubwa yalifuata gati. Mpagazi, aliyekuwa kiungo cha uchumi wote wa zamani, hakuhitajiwa tena. Na mji uliokuwa mwisho wa safari ukawa kijiji kikubwa kando ya mwisho wa safari. Ujiji ulibaki na watu wengi kuliko Kigoma kwa miaka mingi, una misikiti yake, maembe yake na wavuvi wake, lakini ushuru wa mizigo ulilipwa ng'ambo ya kilima.

Majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Ubelgiji ikatawala Kigoma na Ujiji mpaka mwezi wa Machi 1921. Kuondoka kwao ndiko kulikozaa mapatano ya ajabu kuliko yote yaliyowahi kufanywa juu ya pwani hii. Uingereza ilitaka Tanganyika. Ubelgiji ilitaka njia ya kutokea baharini kwa ajili ya Kongo ya mashariki na Ruanda-Urundi. Tarehe 15 Machi 1921 zikapatana. Ubelgiji ikapewa kiwanja katika bandari ya Kigoma na kingine Dar es Salaam, vivikodi milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mizigo yake ipitayo Tanganyika ikasamehewa ushuru wa forodha. Viwanja hivyo vikajulikana kwa jina la Belbase.

Ubora wa msamaha huo waonekana mtu akiulinganisha na alivyotendewa mwingine yeyote. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliruhusu haki ya kukaa juu ya ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na mwenye duka wa Kigoma alilipa kodi ya kiwanja chake kila mwaka. Mwananchi wa Ujiji alikaa kwa desturi tu, bila ya hati, akatozwa kodi ya kichwa. Mbelgiji alikaa milele kwa faranga moja.

Je, msamaha huo ulileta faida? Jibu la haki lina pande mbili. Reli ilihitaji mizigo, na mizigo ya Kongo iliilisha. Vibarua wa gati walipata kazi. Meli zilikuwa na abiria. Mji wa Kigoma pengine usingalikuwa mji bila ya hayo. Lakini mizigo hiyo ilikuwa ya kupita. Ilifika ikiwa imefungwa, ikaondoka ikiwa imefungwa. Haikuchambuliwa, haikusagwa, haikushonwa, haikuuzwa rejareja Kigoma. Mtwale wa zamani alitaka nguo moja au mbili kwa kila pembe iliyonunuliwa katika nchi yake. Chini ya mapatano ya 1921 pembe elfu zingaliweza kupita bila ya kuacha hata uzi.

Tena mgeni aliyekirimiwa kiasi hicho hakuwa mwaminifu, wala hakuahidi uaminifu. Mwaka 1915 Wabelgiji walikuwa wamemaliza reli ya Kabalo mpaka Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, iliyokabili Kigoma ng'ambo ya maji. Lakini mwaka 1928 walimaliza njia nyingine kutoka Katanga mpaka Port-Francqui, mahali paitwapo leo Ilebo, ili mali yao ipite katika nchi yao wenyewe, wakaipa njia hiyo nauli nafuu. Mwaka 1931 ikafunguliwa njia ya Lobito katika Angola. Shaba ya Katanga, iliyokuwa ndoto ya Wajerumani na sababu ya reli, ikaenda magharibi. Kigoma ikabaki na mizigo ya Kivu na ya Ruanda-Urundi. Nafuu ya milele haikumzuia aliyepewa asitafute nafuu kubwa zaidi kwake.

Wakati huo huo, bogi zilizoleta mali ya wageni zilichukua watu wa nchi. Serikali ya Kiingereza iliihesabu Buha kuwa nchi ya vibarua. Maelfu ya Waha walipandishwa gari la moshi kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Kwa nini kianzishwe kiwanda Kigoma, ikiwa kazi ya Kigoma ilikuwa kuwapa wengine wafanya kazi? Hapa ndipo gharama ya nafuu za wakubwa ilipolipwa, na waliolipa hawakuwa wameketi mezani London mwaka 1921.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alilieleza Bunge la Tanganyika msimamo wa nchi juu ya mikataba ya zamani, na Belbase ikatajwa kwa jina lake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu na nzito kuijibu: Uingereza ilitawala Tanganyika kwa muda tu, kwa udhamini, basi ilikuwaje iweze kutoa ardhi ya Tanganyika kwa mtu mwingine milele? Mwenye nyumba ya kupanga hawezi kuuza chumba. Tanganyika haikukataa kuzisaidia Kongo, Ruanda na Burundi kupitisha mizigo, kwani jirani bila bahari ahitaji njia. Ilikataa tu kufungwa na neno milele. Msimamo huo ulijulikana duniani katika elimu ya sheria za mataifa, na mfano wake wa kwanza ulitoka kwenye kiwanja kimoja kando ya gati la Kigoma.

Miaka iliyofuata haina budi kupitwa upesi. Fujo za Kongo zilipunguza biashara ya ziwani. Mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani, na kwa muda huo hapakuwa na baraza la mji la kumwita wala kumfukuza mfanya biashara. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Majirani walipoiwekea Burundi vikwazo kutoka 1996 mpaka 1999, bandari ya Kigoma iliona tena jinsi riziki ya mizigo ya kupita ilivyo katika mikono ya watu wa mbali.

Sheria ya fedha ya 1982 ilizipa halmashauri uwezo wa kutoza mengi: ushuru wa mazao, ada za masoko, leseni, na ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Halmashauri zikatoza. Ilipofika miaka ya 1990, mtu aliyetoa gunia la maharage Kasulu mpaka Kigoma aliweza kukutana na vizuizi vingi, kama Stanley alivyokutana na wakuu wa Buha, naye pia alijifunza kupita usiku. Ndipo serikali kuu, mwaka 2003, ikafuta kodi ya maendeleo pamoja na tozo nyingi ndogo ndogo. Mwaka 2004 ikawasamehe wafanya biashara wadogo ada ya leseni. Na mwaka 2017 ikapunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Wachuuzi wa Mwanga na Kibirizi walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi. Walakini kila nafuu ilitangazwa Dodoma, ilhali pengo lilionekana katika kitabu cha hesabu cha mji. Takataka za soko hazikupungua kwa sababu ushuru umepungua.

Namna hiyo hiyo ilifuatwa katika maeneo maalumu ya uchumi. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje ilitungwa mwaka 2002, na ya maeneo maalumu ya uchumi mwaka 2006, na Kigoma ikatengewa eneo lake. Mwenye kiwanda cha kuuza nje aliahidiwa kusamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, na pamoja na hiyo, kodi na tozo zote za serikali za mitaa kwa miaka 10 vile vile. Miaka kumi si milele, na kwa hivyo sheria hizi zilikuwa bora kuliko mapatano ya 1921. Hata hivyo baraza la mji halikuombwa litoe kilicho chake. Kilitolewa kwa niaba yake. Na mji ambao kwa miaka mingi uliwasha taa zake kwa mashine za dizeli ulikuwa na sababu ya kuuliza kama mwenye kiwanda angependelea msamaha wa ushuru au umeme usiokatika.

Jaribio moja lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 2016 manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za miji na majimbo duniani zilizoingia kwanza katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Kwa mfanya biashara, kujua kiwango cha ada na mahali iendako ni nafuu kubwa kuliko kupunguziwa ada asiyoijua. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na jaribio la Kigoma likakatika kabla ya kuzaa matunda.

Mizigo ingali ikipita. Mashua za mbao hupakia Kibirizi saruji, unga na sabuni kwenda Kongo na Burundi, na wenye mashua hizo hawakupewa msamaha wa mtu yeyote. Mwezi wa Desemba 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilometa 506. Na mwezi wa Januari 2025 ukatiwa sahihi mkataba mwingine, wa tawi litakaloanzia Uvinza, katika nchi ile ile ya chumvi, kwenda Musongati katika Burundi. Tawi hilo likikamilika, mzigo wa Burundi utaweza kugeuka Uvinza na kushika njia ya milimani, bila ya kufika Kigoma wala kuliona ziwa.